Makato ya Mwezi wa Mwisho

Katika ofisi ya mishahara ya kampuni ya usafirishaji niliyofanyia kazi Changamwe, Mombasa, makarani wengi waliikwepa kazi ya kumhesabia mtu anayeondoka. Mimi niliipenda. Mtu anayeondoka huja na haraka zake: anataka kujua zimebaki ngapi mkononi, atie sahihi, awahi matatu. Nilikuwa nikimvutia kiti. "Kaa kwanza, kaka, tuisome pamoja." Kwa maana kila mstari wa makato kwenye hati ya mshahara una ofisi yake huko nje: kodi ina KRA, akiba ya uzeeni ina NSSF, matibabu yana SHA, mkopo wa chuo una HELB, mkopo wa kiwanja una SACCO. Mwezi baada ya mwezi mwajiri ndiye anayesema na ofisi hizo kwa niaba yako. Siku unayotoka langoni, kusema nazo kunakuwa juu yako, na ni chache sana zitakazokutafuta mapema kukuuliza kama bado una kazi.

Nimestaafu sasa, lakini watu bado wanabisha hodi kwangu Mikindani, mara nyingi baada ya magharibi, bahasha mkononi. Nitaeleza hapa yale ninayowaeleza wao. Nianze na binti wa jirani yangu, kwa sababu hesabu yake ina jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Binti huyu alikuwa karani wa ghala. Mshahara wake ulikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, marupurupu ya nyumba yakiwa ndani yake. Mwisho wa Juni 2025 aliacha kazi ili akamuuguze mamake. Alitoa notisi na kuifanya yote, likizo yake alikuwa ameimaliza, na hakuwa na deni la kampuni. Hati yake ya mwisho ilionyesha makato manne: NSSF 3,600, SHIF ya matibabu, ile inayosimamiwa na SHA, 1,650, tozo ya nyumba 900, na kodi ya PAYE 8,538 na senti kidogo. Kilichoingia benki kilikuwa 45,311. Alinijia akiamini amepunjwa, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba anayeondoka katikati ya mwaka hukatwa kodi ndogo.

Tulianza na yale matatu ya mwanzo. NSSF ni asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri naye huongeza asilimia 6 nyingine kutoka mfukoni mwake. Tangu Februari 2025 mshahara unaohesabiwa ulikuwa unaishia 72,000, kwa hiyo hata aliyelipwa zaidi ya hapo hakukatwa zaidi ya 4,320 mwaka ule. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho hicho. Jumla yake kwa binti yetu ni 6,150.

Mahali pa kukazia macho ni hapa. Tangu sheria ya kodi ilipobadilishwa mwishoni mwa Desemba 2024, makato hayo matatu hutolewa kwanza, ndipo PAYE ihesabiwe juu ya kinachobaki. Basi kodi ya binti huyu ilipaswa kupigwa juu ya 53,850, wala si juu ya 60,000. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, ambayo ni 2,083. Zilizosalia, 21,517, hutozwa asilimia 30, nazo huzaa 6,455. Jumlisha, kisha utoe nafuu ya kibinafsi ya 2,400 ambayo kila mkaazi anayelipa kodi hupewa kwa mwezi. Unapata 8,538. Kampuni ilikuwa imehesabu sawasawa. Nimeona hati nyingine ambazo hazikuhesabiwa hivyo, miezi mingi baada ya sheria kubadilika, kwa sababu programu ya mishahara haikurekebishwa. Mtu akiwa bado ndani ya kampuni, kosa kama hilo linasahihishika kwa kumwendea karani. Akishatoka, anaandika barua na kungoja.

Kwa hiyo hakupunjwa mwezi ule. Lakini tetesi aliyoisikia ilikuwa na mzizi wa kweli, ila mwezi wa mwisho si mahali pake.

Kodi ya mapato nchini Kenya ni ya mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Viwango vya kila mwezi ni vya mwaka vilivyogawanywa kwa 12: mwajiri anakukata kana kwamba utaendelea kulipwa hivyo hivyo hadi Desemba. Kwa mwaka, asilimia 10 inahusu shilingi 288,000 za kwanza, na asilimia 25 inahusu 100,000 zinazofuata. Binti yetu alifanya kazi miezi sita tu. Mapato yake yanayotozwa kodi kwa mwaka wote wa 2025 yalikuwa kama 324,500, na hayo hayafiki kabisa kwenye asilimia 30. Ilhali kila mwezi, kuanzia Januari hadi Juni, alikuwa akikatwa asilimia 30 juu ya sehemu ya mshahara wake. Tulipoipiga hesabu kwa mwaka, ilionekana amelipa zaidi ya shilingi 28,000 kupita anachodaiwa, hata tukimpa nafuu ya ile miezi sita aliyofanya kazi peke yake.

Pesa hizo hazirudi zenyewe. Zinaombwa kwa kuwasilisha ritani. Kila mwenye PIN ya KRA anapaswa kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita kupitia iTax kufikia 30 Juni, na karatasi inayotumika ni P9, ile inayoorodhesha mshahara na makato ya kila mwezi kwa mwaka. Ritani ikionyesha umelipa kupita kiasi, unaomba urudishiwe kwenye mfumo huo huo, na sheria inakupa miaka 5 tangu siku kodi ilipolipwa. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Juni ya mwaka unaofuata inafika, mtu hana kazi, anaingia kwenye saiba, anamwambia kijana wa pale, "Nifanyie ritani, mimi sina kazi," na kijana anamfanyia ritani ya sifuri. Lakini ritani ile si ya leo, ni ya mwaka uliopita, na mwaka uliopita alikuwa na mshahara kwa miezi kadhaa. Anakuwa ametoa tamko lisilo kweli, na amejifungia mlango wa kudai chake. Ritani ya sifuri ni ya mtu ambaye hakupata kipato chochote tangu Januari hadi Desemba ya mwaka ule. Kutowasilisha kabisa nako kuna faini: kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa.

Ndiyo maana namsisitizia kila anayeondoka: omba P9 yako siku ile ile unayokabidhi kitambulisho cha kazi. Usingoje Januari. Ofisi huhama, karani hubadilika, kampuni nyingine hufungwa, na nambari ya simu uliyokuwa ukiipiga hujibiwa na mtu asiyekujua.

Na kuna jambo dogo ambalo limewasumbua watu wengi kuliko hesabu zote. Tazama akaunti yako ya iTax imesajiliwa kwa barua pepe gani. Wafanyakazi wengi walisajiliwa kwa anwani ya kampuni, na wengine kwa anwani ya kijana wa saiba aliyewafungulia PIN zamani. Anwani ya kampuni huzimwa ukiondoka, na neno la siri likikupotea baada ya hapo, ujumbe wa kulibadilisha unakwenda usikofika. Badilisha barua pepe na nambari ya simu ukiwa bado kazini. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna malipo.

Aliyehama kutoka kazi moja kwenda nyingine ana shida iliyo kinyume na ya binti yetu. Kijana mmoja fundi wa majokofu alitoka kwa mwajiri wa kwanza katikati ya mwezi na kuanza kwa wa pili siku iliyofuata. Chukulia kila mmoja alimlipa 30,000 za kutozwa kodi mwezi ule. Mwajiri wa kwanza alimhesabia 24,000 za asilimia 10 na nafuu ya 2,400. Wa pili, asiyejua ya mwenzake, akafanya vivyo hivyo. Kila mmoja alikata 1,500, jumla 3,000. Lakini mtu mwenye kipato cha 60,000 kwa mwezi anadaiwa 10,383. Nafuu ni moja kwa mtu mmoja, hata akiwa na waajiri wawili. Ile tofauti ya 7,383 inamngoja kwenye ritani, naye ndiye atakayeilipa, wala si mwajiri yeyote kati ya hao wawili. Ritani ina muda hadi 30 Juni, lakini kodi iliyobaki ilipaswa kulipwa kufikia 30 Aprili, na inayochelewa huongezwa riba. Tulipogundua, alikuwa na miezi ya kutosha kuziweka kando kidogo kidogo, na alipowasilisha alijaza P9 zote mbili. Wapo wanaojaza ya kazi mpya tu, wakidhani ya zamani imekufa na kazi yake. Waajiri wote huwasilisha majina na makato ya wafanyakazi wao KRA kila mwezi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na PIN ya mfanyakazi imo mle.

Sasa nizungumze juu ya wanaopunguzwa, ambao hesabu yao ni nzito na machungu yao ni makubwa zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya mtu ikifutwa kwa sababu nafasi imeondolewa, anastahili malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliotumikia, pamoja na notisi ya mwezi au malipo badala yake, na siku za likizo alizochuma bila kuzitumia. Likizo yenyewe ni siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa hiyo hata aliyeondoka Mei ana siku zake za tangu Januari, ikiwa mwaka wake wa likizo unaanza Januari.

Dereva mmoja wa trela aliyetumikia miaka 9 alikuja kwangu na karatasi yenye mstari mmoja: jumla ya malipo, kodi, baki. Nilimwambia asiitie sahihi bado. Sikumaanisha kwamba ameibiwa. Karatasi ile haikuonyesha chochote, na mtu hawezi kukubali au kukataa asichokiona. Kila kitu kilipaswa kuwa na mstari wake: mshahara wa siku alizofanya kazi mwezi ule, notisi, likizo, siku 15 mara miaka 9. Na kodi yake haipigwi kwa kurundika yote mwezi mmoja. Malipo ya notisi huhesabiwa kama kipato cha kipindi kinachofuata baada ya kuondoka. Fidia ya kukatizwa ajira husambazwa mbele. Kiinua mgongo kinacholipwa kwa utumishi uliopita hurudishwa nyuma kwenye miaka iliyokizaa. Ukivirundika pamoja na mshahara wa mwezi wa mwisho, karibu kila shilingi inaangukia kwenye asilimia 30, na kwa mwenye malipo makubwa hata 32.5 au 35. Vikisambazwa inavyotakiwa, sehemu nzuri inaangukia kwenye asilimia 10 na 25, na nafuu ya kila mwezi inafanya kazi yake. Dereva yule alirudi ofisini kwao, akaomba kwa adabu aonyeshwe jinsi kodi ilivyokokotolewa. Walimtolea karatasi ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, na kiasi chake kilipanda.

Kuomba karatasi ile si ujeuri. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati yenye mshahara ghafi, kila kato na sababu yake, na hilo halikomi mwezi wa mwisho.

Makato mengine huzuka mwezi ule tu. Simu iliyopotea. Sare isiyorudishwa. Mzigo uliopungua ghalani miezi minne nyuma na ambao hakuna aliyeusema hadi leo. Sheria inaruhusu mwajiri akate kiasi cha haki kwa uharibifu uliofanywa kwa makusudi, au kwa upungufu wa pesa alizokabidhiwa mtu kazini akazembea, na makato yaliyoruhusiwa na sheria nyingine au na amri ya mahakama. Haimruhusu abuni. Na makato yote yakijumlishwa hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara; theluthi moja ni ya mfanyakazi, iingie mkononi mwake. Nimewahi kuona hati ya mtunza ghala ambayo mstari wa mwisho ulisoma sifuri. Nilimtuma kwa afisa wa kazi wa serikali akiwa na hati ile tu mkononi, na ilitosha kuanzisha mazungumzo.

Upande wa pili nao usisahaulike. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi akiondoka bila kutoa notisi ya siku 28, mwajiri ana haki ya kumdai mshahara wa kipindi hicho. Vijana wengi hupata kazi mpya Ijumaa na kuanza Jumatatu, kisha wanashangaa kukuta mshahara wao wa mwisho umemezwa. Kama kazi mpya haiwezi kungoja, zungumza na mwajiri. Wengi hukubali siku za likizo zilizobaki zihesabiwe ndani ya notisi, na makubaliano hayo yaandikwe.

Mwishoni kabisa huja karatasi ya kutia sahihi kwamba umelipwa kila kitu na huna dai lingine. Hiyo isome mara mbili. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huitazama kama mkataba: ukiwa umeitia sahihi kwa hiari na kwa kuelewa, kurudi nyuma ni vigumu mno. Unaruhusiwa kuomba siku moja uende nayo nyumbani. Cheti cha utumishi hakipaswi kufungwa na sahihi hiyo. Aliyefanya kazi wiki nne au zaidi anastahili kupewa cheti kinachosema alianza lini, alifanya kazi gani na wapi, na aliacha lini, hata kama waliachana kwa ugomvi.

Sasa zile ofisi nyingine. HELB ndiyo inayouma haraka zaidi: mwajiri akiacha kukata nawe usilipe, adhabu ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Waandikie kwamba umeacha kazi na uwaombe mpango mwingine wa kulipa. SHIF ya mwenye mshahara hukatwa kila mwezi, lakini asiye na ajira hupimwa uwezo wa kaya yake na kulipa ya mwaka mzima. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi. Mwenye mtoto mdogo au mgonjwa nyumbani alishughulikie hili kabla ya mengine yote, kwa kuwa hospitali hutazama malipo ya sasa, haitazami miaka uliyokatwa. NSSF inasubiri: pesa zako hazipotei, na huchukuliwa ukifika miaka 60, au kuanzia 50 ukiwa umeacha kazi. La kufanya sasa ni kuomba taarifa ya michango na kuilinganisha na hati zako za mshahara mwezi kwa mwezi, kwa maana kukatwa na kuwasilishwa ni mambo mawili.

SACCO nimeiweka peke yake kwa sababu ndani yake mna watu. Mkopo uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara haukomi mshahara ukikoma. Ukinyamaza, SACCO itatumia akiba yako, na ikiwa haitoshi itawageukia wadhamini, yaani wenzako uliowaacha kwenye dawati. Nimeandaa mishahara ambamo mama mwenye watoto watatu alikatwa kulipia mkopo wa mwenzake aliyehamia mji mwingine na kubadilisha laini ya simu. Undugu wao uliishia hapo. Nenda SACCO kabla ya siku yako ya mwisho, ukaeleze, upange kiasi kidogo utakachoweza kulipa kutoka benki au kwa simu, kisha uwaambie wadhamini wako mwenyewe, kwa mdomo wako.

Ukipata kazi nyingine, mwajiri mpya ataomba PIN ya KRA, nambari ya NSSF na usajili wa SHA. Ni zile zile za zamani. Usikubali kusajiliwa upya NSSF kwa sababu tu kadi imepotea, maana michango yako itagawanyika katika nambari mbili, na kuziunganisha uzeeni kunataka barua nyingi. Binti wa jirani yangu alianza kazi mpya Likoni mwezi Februari uliofuata. Mamake anaendelea vizuri. P9 ya kazi ya kwanza tulishaichapisha, ya Januari hadi Juni 2025, na ritani tuliijaza pamoja mezani kwangu mara tu alipopata nafasi.